MKONO UNAPOKATAA SHABAHA

Shika upinde kwa mawazo. Mbele yako, meta 70, kuna shabaha yenye upana wa sentimeta 122, njo ile wanayotumia katika michezo ya Olimpiki. Katikati kuna duara la manjano. Unavuta uzi mpaka chini ya kidevu. Kazi hii umeifanya miaka kumi, unaijua. Lakini leo mkono unasimama chini ya manjano na unakataa kupanda. Unausukuma, haupandi. Ao kinyume: jicho likigusa manjano tu, hata haujatulia, vidole vinaachilia uzi vyenyewe na mshale unaenda kando.

Wapiga upinde wanaita jambo hili hofu ya shabaha. Usifikiri ni shida ya wasiojua kupiga. Apana, mara mingi inashika wale hodari.

Inafika hata katika michezo mingine. Eric Bristow wa Uingereza alikuwa shampioni wa dunia mara tano, kati ya 1980 na 1986, katika mchezo wa kurusha vishale kwa mkono. Kisha vidole vyake vikaanza kukataa kuachilia kishale. Alipigana sana, akafika tena kwenye fainali mara ine, na zote alishindwa. Ile ya 1990 alishindwa na Phil Taylor, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kiwanda na ambaye Bristow mwenyewe alimsaidia kwa pesa kusudi acheze. Bristow alikufa katika 2018 bila kupata tena taji lile.

Juu ya nini inakuwa hivi? Kwa miaka mingi jicho na vidole vimefanya agano: jicho likiona manjano, vidole viachilie. Kulenga na kuachilia vimekuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kujikaza hakusaidii, na wewe baba unayesimama kando ya uwanja na kumpigia mtoto kelele "Tulia! Tulia!", unakaza fundo tu.

Sasa wanafanya nini? Wanaondoa shabaha. Unachukua upinde mwepesi, unasimama meta tatu ao ine mbele ya tita kubwa la majani makavu lisilo na alama hata moja. Unaelekeza mshale katikati ya tita, unafunga macho, unavuta kwa misuli ya mgongo mpaka uzi utoke wenyewe kwenye vidole. Kazi hiyo inachosha roho, ni juma kwa juma, na wengi wanaiacha mapema.

Zoezi lingine: vuta, lenga manjano, hesabu mpaka tano, kisha rudisha uzi polepole bila kupiga. Lakini angalisho! Usiachilie kamwe uzi usio na mshale. Upinde unaweza kupasuka. Zoezi hili linafundisha jicho kuona manjano bila vidole kujibu.

Halafu shabaha inarudi, kubwa na karibu, na unarudi nyuma kidogo kidogo. Wengine wanafunga juu ya upinde kibati chembamba kinacholia "ta!" ncha ya mshale inapokipita, na vidole vinangojea ile sauti, si jicho. Na kuna waliobadilisha mkono kabisa: mwenye kuvuta kwa kuume akaanza upya na kushoto, sawa vile mtoto.