Kutoka Matumbaweni hadi Kilindini: Ziara ya Kwanza katika Akwaria

Akwaria ya umma ni jumba ambamo viumbe wa majini hufugwa katika matangi ili watu wapate kuwatazama, na chimbuko lake ni Uingereza, ambako bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la aina hiyo mwaka 1853. Matangi ya enzi zile yalikuwa madogo, ilhali baadhi ya yale ya leo humweka hata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Miongoni mwa majumba hayo makubwa ni Okinawa Churaumi, iliyofunguliwa Novemba 2002 katika mji wa Motobu, kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani, nayo inamfaa sana mgeni wa mara ya kwanza kwa sababu mpangilio wake wenyewe ni somo la bahari.

Mgeni huingilia ghorofa za juu, kisha hushuka hatua kwa hatua, akianzia kwenye matumbawe ya maji ya pwani na kuishia kwa viumbe wa kilindini, kule ambako mwanga wa jua haufiki. Tangi la matumbawe halina paa, na jambo hilo lina sababu yake: ndani ya miili ya matumbawe huishi miani midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua na kukigawa kwa mwenyeji wake, hivyo tumbawe likikosa mwanga hudhoofika na kufa. Aghalabu wageni hulipita tangi hili kwa haraka, wakikimbilia papa, na hiyo ni hasara kubwa, kwa maana anayesimama hapo kwa utulivu ataona samaki wakigombea mapango yao, kamba wakijificha mchangani na matumbawe yakitandaza minyiri yao laini kunasa chakula, mambo ambayo hata mvuvi aliyezaliwa pwani huyaona kwa nadra.

Ghorofa moja chini yake limo tangi kuu, lililopewa jina la Kuroshio, mkondo wa maji ya vuguvugu unaopita karibu na kisiwa hicho. Tangi hili lina urefu wa mita 35, upana wa mita 27 na kina cha mita 10, na hubeba maji mita za ujazo 7,500, yaani lita milioni 7.5. Dirisha lake lina upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60 hivi, nalo si la kioo bali ni la akriliki, plastiki ngumu na angavu iliyotengenezwa kwa kugandanisha matabaka kadhaa hadi yakawa kitu kimoja. Unene huo unatokana na kina cha tangi wala si wingi wa maji yake, kwa kuwa kila mita moja ya kina huongeza uzito wa takriban tani moja juu ya kila mita ya mraba, na kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya tangi kama hili husukumwa kwa tani 10 hivi kwa kila mita ya mraba.

Ukumbi wanaposimama watu huachwa ukiwa na giza kiasi ili dirisha lisirudishe taswira zao wenyewe, na kwa sababu hiyohiyo mwako wa kamera hauna faida yoyote hapo, mbali na kuwasumbua samaki. Aidha, mgeni akumbuke kwamba nuru hupinda inapotoka majini kuingia hewani, hivyo kila anachokiona huonekana kiko karibu zaidi kwa takriban robo ya umbali wake halisi. Saa ya kulisha ndiyo saa bora ya kufika, kwani papa potwe, ambaye licha ya ukubwa wake hula viumbe wadogo kama kamba na planktoni kwa kuyachuja maji, husimama wima akiwa amepanua kinywa, na kina cha mita 10 humwezesha kufanya hivyo.

Kazi kubwa ya akwaria, hata hivyo, haionekani dirishani. Uchafu wa samaki hutoa amonia, sumu inayoweza kuwaua kwa muda mfupi, na kinga yake ya msingi ni bakteria wanaofugwa ndani ya vichujio, ambao huigeuza kuwa naitriti na kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Churaumi, kwa kuwa iko ufukweni, hupata pia maji mapya ya bahari yanayovutwa mfululizo kwa pampu. Lakini akwaria ya Georgia, iliyoko mji wa Atlanta nchini Marekani, mbali na pwani, hulazimika kutengeneza maji yake ya chumvi.

Je, ni haki kumfungia kiumbe wa bahari kuu? Mwaka 2007 taa mkubwa wa aina ya manta alizaliwa Churaumi, uzazi wa kwanza wa aina hiyo nje ya bahari kurekodiwa, na elimu ya namna hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini papa potwe ni samaki awezaye kusafiri maelfu ya kilomita, na tangi la urefu wa mita 35, hata lijengwe kwa ustadi gani, halimtoshi. Matumbawe na samaki wa mapangoni ndio wanaoihalalisha akwaria kikamilifu zaidi.

Papa potwe, ambaye tangu 2016 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, huonekana akiwa huru karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, hasa kati ya Oktoba na Februari. Msomaji wa Afrika Mashariki atakayejaliwa kufika huko na amtazame kwa mbali, asimguse wala asimzuie njia.