Kocha na Sheria ya Ghasia

Kijana mmoja ninayemhariria tafsiri zake aliandika kwamba kocha, baada ya timu kufungwa mabao manne, "aliwasomea wachezaji Sheria ya Ghasia". Nilicheka, kisha nikaona namwonea. Kiingereza alichokuwa nacho mezani kilisema hivyohivyo: kocha "read the Riot Act". Sisi tungesema aliwapa vidonge vyao. Ila sheria hiyo ilikuwepo kweli, na ilisomwa kweli, hadharani, mawe yakirushwa.

Ilianza kutumika Uingereza tarehe 1 Agosti 1715. George I alikuwa ametimiza mwaka mmoja tu tangu akalie kiti cha enzi, na wasiomtaka walikuwa wakifanya fujo mijini. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa ghasia, hakimu aliwasogelea kadiri alivyothubutu, akaamuru kimya, akasoma kwa sauti tangazo fupi la kuwataka watawanyike kwa jina la mfalme. Hapo walikuwa na muda wa saa moja. Aliyekutwa bado amesimama saa hiyo ilipokwisha alistahili kunyongwa, na askari aliyeua mtu katika kuwatawanya alikingwa na sheria.

Maneno hayakuruhusiwa kupungua. Mwaka 1830 kesi moja iliharibika kwa sababu msomaji aliruka maneno ya mwisho, yale ya kumwombea mfalme kwa Mungu. Mfikirie hakimu huyo: karatasi mkononi, umati unazomea, naye asiruke hata neno! Kusikika nako ni jambo jingine. Kwenye mkutano wa hadhara huko Manchester, tarehe 16 Agosti 1819, mahakimu walishikilia kwamba tangazo lilisomwa. Wengi waliokuwa uwanjani walisema hawakusikia kitu, mpaka walipoona askari wa farasi.

Waingereza waliifuta karne iliyopita, lakini mbegu yake ilikwisha kuota kwetu. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya bado zinataja watu 12 na tangazo la kuwataka watawanyike, ila anayelitoa anaruhusiwa kulitoa kwa namna anayoona inafaa. Siku hizi ni kipaza sauti juu ya gari la polisi, na sijasikia mtu akitaja saa moja.

Nahau nyingine hazinisumbui hivi. "Red tape", yaani urasimu, ni utepe uliofungia mafaili ya serikali. Mawakili wa London mpaka leo hufunga majalada yao kwa utepe wa waridi. Sisi tuna "njoo kesho", na aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana alirekebisha: kocha aliwapa vidonge vyao. Sentensi iliyofuata ilisema wachezaji watatu walitoka chumbani kabla hajamaliza kufoka. Hao, nilimwandikia pembeni, walitawanyika kwa amani.