Wahid Hamed: karatasi, bunduki na kebabu

Wahid Hamed wa Misri (1944-2021) aliandika filme na michezo ya televisheni, kama Al-Gama'a ya 2010. Lakini ile ya kuchekesha kabisa ni "Al-Irhab wal-Kabab", ya 1992. Baba mmoja, Adel Imam ndiye anamucheza, anaenda mu biro za Leta kule Kairo, kutafuta karatasi ya kuhamisha watoto masomo. Rudia kesho! Wa biro, yeye ni kusali tu. (Sisi pia tunawajua.) Wanagombana, bunduki ya askari inabaki mu mikono ya baba. Leta inauliza: munataka nini? Wale mateka wanajibu: kebabu! Mwisho wanatoka wote, baba katikati yao. Askari wanaingia: mule hamuna mutu.