Urujuani wa Usambara: Jani Moja Latosha

Katika maua ya mwituni ya nchi yetu, liko moja dogo ambalo hujulikana zaidi Ulaya na Marekani kuliko hapa kwetu. Watu wa huko huliweka ndani ya nyumba, karibu na dirisha, wakalitunza wakati wa baridi kama mtu atunzavyo mtoto mchanga. Jina lake ni urujuani wa Usambara, au kama wengine wasemavyo, urujuani wa Afrika. Asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, na hasa ile ya Usambara.

Nimeona vema kuandika habari zake katika gazeti letu, kwa kuwa wasomaji wengi, hasa wale watokao upande wa Muheza na Lushoto, wamepata kulipita bila kulijua. Nitaeleza namna ya kulitambua, namna ya kulipanda mahali penye kivuli, na kwa nini haifai kuling'oa.

NAMNA YA KULITAMBUA

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ua hili nalo huonwa na mtu ainamaye. Halioti juu ya mti wala katika uwanda wa majani. Hukaa juu ya miamba iliyo msituni, mara nyingi karibu na vijito, katika nyufa zenye udongo kidogo wa majani yaliyooza, mahali ambapo mawe yamefunikwa na kijani chororo kama zulia. Hupenda ubavu wa jiwe uliosimama, ambao jua la mchana haliufikii.

Aina nyingi za mmea huu zina shina fupi sana. Majani hutoka pamoja katikati, yakajipanga duara kama sahani, kila jani na kikonyo chake. Jani ni nene kidogo, lina maji ndani, na juu yake lina manyoya mafupi. Ukilipapasa utadhani wagusa mahameli.

Ua lina rangi iliyo kati ya samawati na zambarau. Lina ndimi tano: mbili za juu ni ndogo, na tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati yake mna vifuko viwili vya manjano vilivyoshikamana, ndimo ilimo chavua. Pembeni hutokea kijiti chembamba, ambacho ni sehemu ya kike. Ukitazama maua kadhaa utaona kwamba katika mengine kijiti hicho kimepinda kulia, na katika mengine kushoto. Wanafunzi wa Bayolojia wayahesabu wenyewe waone.

Yako maua mengine ya kivulini yawezayo kumdanganya mtu. Moja ni lile lenye shina laini lililojaa maji, ambalo wataalamu huliita Impatiens. Hilo nyuma yake lina mkia mwembamba. Urujuani wa kweli, ule wa jamii ya Viola, nao una kifuko kidogo nyuma ya ua. Basi shika kanuni hii: geuza ua ulitazame kwa nyuma. Likiwa na mkia au kifuko, silo. Lisipokuwa nacho, na majani yakiwa ya manyoya na yamejipanga duara juu ya mwamba, yaelekea ndilo.

JINA LAKE NA SAFARI ZAKE

Mwaka 1884 Sir John Kirk, na mwaka 1887 Mchungaji W. E. Taylor, yule aliyekusanya mithali za Kiswahili, walipeleka Uingereza vipande vya mmea huu vilivyokaushwa, lakini havikupewa jina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, aliupeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa yule mtawala, la pili limetoka katika Kigiriki, maana yake ni “wenye maua kama urujuani.” Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jamii ya Streptocarpus, kwa hiyo katika vitabu vipya utaukuta kwa jina la Streptocarpus ionanthus.

Mwaka 1927 wakulima wa maua wa kampuni ya Armacost and Royston, mjini Los Angeles, waliotesha mbegu zilizotoka Ulaya, wakachagua miche kumi iliyo bora. Kutoka katika mwanzo mdogo wa namna hiyo yametokea maelfu ya aina za bustanini: meupe, ya waridi, yenye ndimi nyingi, na mengineyo. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa kuwa nitalirudia: dunia ilijazwa maua haya kwa mbegu chache na majani, wala si kwa kubeba miche ya msituni kwa magunia.

NAMNA YA KULIPANDA KIVULINI

Mwaka juzi, wakati wa likizo, nilikwenda kumwamkia babu yangu, ambaye shamba lake la iliki lina jiwe kubwa lenye maua haya. Nikamwambia, “Babu, naomba mche mmoja nikaupande shuleni.” Akajibu, “Mche sikupi, mjukuu wangu. Chukua jani. Hilo jani ndilo mche.” Nikachukua majani manne, nikayafunga katika kitambaa kibichi, nikaja nayo. Kazi niliyoifanya ilikuwa hivi.

Kwanza, chagua jani lisilo changa wala zee, yaani la safu ya katikati. Likate kwa wembe safi, ukiacha kikonyo cha urefu wa sentimita 3 hivi, na ukate kwa mshazari.

Pili, jaza mchanga safi wa mto katika kopo lililotobolewa chini. Loanisha mchanga, lakini usiufanye tope. Chomeka kikonyo peke yake. Jani lenyewe libaki juu. Funika kwa gilasi au chupa ya plastiki iliyokatwa, ili unyevu usipotee, uweke kopo mahali penye mwanga pasipo jua.

Tatu, ngoja. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne. Vijimche huchomoza chini ya jani baada ya miezi miwili hivi, na pengine zaidi. Jani moja huweza kuzaa vijimche kadhaa. Vikisha kupata majani madogo ya kutosha kushikika, vitenge, kila kimoja katika kopo lake. Tangu kuchomeka jani mpaka kuona ua la kwanza yaweza kupita miezi sita hadi tisa, au kupita hapo. Mtu asiye na subira asianze.

Udongo wa kuhamishia uwe mwepesi. Mimi nilichanganya mafungu mawili ya mboji ya majani na fungu moja la mchanga, pamoja na vipande vidogo vya mkaa. Udongo mzito wa mfinyanzi huzuia maji, na mizizi ikakosa hewa ikaoza. Chungu kisiwe kikubwa. Upana wa sentimita 10 watosha.

Kumwagilia ndiko kunakoua mimea mingi. Usimwage maji katikati ya duara la majani, maana yatakaa pale na kuozesha moyo wa mmea. Weka kisahani chini ya chungu, tia maji humo, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Maji ya baridi sana yakidondokea majani yenye joto huacha mabaka meupe. Ngoja udongo wa juu uanze kukauka ndipo umwagilie tena.

Jua kali huunguza majani, na giza nalo hulinyima ua. Ukiona vikonyo vinarefuka na maua hayaji, mwanga haujatosha. Ukiona vitu vyeupe kama pamba katika maungio ya majani, hivyo ni vidung'ata; vifute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti.

Mwenye kutaka kulipanda bustanini na afuate mfano wa msitu. Apange mawe chini ya mti mkubwa, ajaze mboji katika nyufa, na apande mche umelala kidogo upande, usitazame juu kama bakuli. Hivyo mvua ikinyesha maji hutelemka, kama yafanyavyo kwenye mwamba.

KWA NINI USILING'OE

Wapo watakaouliza, “Ikiwa lapandika kwa urahisi hivi, hofu ya nini?” Hofu iko katika makao yake. Jamaa za ua hili haziko kila mahali. Aina moja hupatikana katika milima ya Taita, nyingine Uluguru, nyingine Shume. Na baadhi zimebaki kwenye miamba michache tu. Mtu mmoja mwenye jembe na kikapu aweza kumaliza mwamba mzima kwa asubuhi moja. Hata asipoguswa na jembe, mmea huu hufa miti ikikatwa, kwa kuwa jiwe lililokuwa baridi na bichi hugeuka kuwa kikaango.

Maua ya madukani hayawezi kujaza pengo hilo. Yametokana na mbegu chache, lakini mwituni mna tofauti nyingi za majani, za rangi, na za kuvumilia ukame au joto. Zikipotea huko, hakuna duka litakaloziuza. Wala tusipeleke mimea ya madukani kuipanda msituni, kwa maana itachanganyika na ile ya asili na kuiharibu.

Basi mwenye kutaka ua hili aombe jani kwa mtu aliye nalo chunguni au shambani mwake. Katika hifadhi kama ile ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, asichukue hata jani bila kibali. Na wazazi wenye mashamba penye miamba ya namna hii, twawasihi waache miti iliyo juu ya jiwe, japo wamefyeka kwingine.

Majani manne ya babu sasa yamekuwa miche kumi na mmoja, iliyo nyuma ya maktaba upande wa kusini. Mwanafunzi au mzazi atakayetaka jani na aje siku ya Jumamosi, achukue kitambaa kibichi. Miche yenyewe haitolewi.

Mwangalizi wa Bustani, Kidato cha III