Kompyuta za michezo: Kabla ya kununua kadi mpya, pima joto la ile uliyo nayo

Vijana wanaojiundia kompyuta za michezo ya video nyumbani wanaijua dalili hii: mchezo unaanza vizuri, kisha baada ya dakika ishirini picha zinakwama na feni zinapiga kelele. Wengi hudhani kadi ya michoro imezeeka. Mara nyingi kadi bado ni nzima, ila imepata joto kali na imejipunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Kosa hilo la kudhani lina gharama. Kadi ya michoro kwa kawaida ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika kompyuta ya aina hiyo. Kwa kijana aliyekusanya dola kidogo kidogo kwa miezi mingi, au mwenye chumba cha michezo anayelipwa kwa saa, kutupa kadi nzima ni hasara ambayo bisibisi na brashi vingeweza kuizuia.

Joto linatoka wapi?

Karibu umeme wote unaoingia katika kadi hutoka kama joto. GTX 1060 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2016, hutumia wati 120. RTX 3080 ya mwaka 2020 hutumia wati 320. Joto hilo lote huishia chumbani. Ndiyo maana chumba kidogo chenye dirisha lililofungwa huchemka, na kadi huchemka pamoja nacho. Chumba kikiongezeka nyuzi joto tano, kadi nayo hupanda kwa kiasi hicho hivi.

Kila kadi ina kikomo chake. Kwa RTX 3080 kikomo ni nyuzi 93. Kadi inapokaribia hapo, hupunguza mwendo wa kazi, na mchezaji huona picha chache kwa kila sekunde.

Hatua ya kwanza ni kupima

Programu za GPU-Z na HWiNFO hupatikana bila malipo. Mtumiaji asome joto kompyuta ikiwa imetulia, kisha asome tena baada ya nusu saa ya mchezo. Joto likifika kwenye kikomo na mwendo ukashuka wakati uleule, chanzo kimejulikana.

Baada ya hapo kuna jaribio rahisi: kuondoa ubavu wa kasha la kompyuta na kucheza tena. Joto likishuka sana, kadi haina shida. Kasha ndilo halipitishi hewa. Dawa yake ni feni za mbele ziingize hewa baridi, na za nyuma na za juu zitoe ile ya moto. Joto likibaki palepale, tatizo liko ndani ya kadi yenyewe: vumbi kwenye mapezi yake, feni iliyochoka, au pasta ya joto iliyokauka.

Vumbi na mwinuko

Huko Goma, vumbi jeusi la mawe ya volkeno huingia kila mahali. Lubumbashi nako, vumbi jekundu la kiangazi halichagui nyumba. Kasha linalokaa sakafuni huvuta vumbi zaidi kuliko lililo juu ya meza. Wakati wa kulipuliza, feni ishikwe kwa kidole isizunguke, kwa sababu kuzungushwa kwa nguvu na hewa kunaweza kuiharibu. Kompyuta iwe imezimwa na waya wa umeme umechomolewa.

Mwinuko nao una sehemu yake. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi, pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu kuliko inavyobeba ufukweni. Hali ya hewa ya baridi ya Kivu hufidia kwa sehemu. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, mwinuko ni mdogo lakini joto la chumba ni kubwa.

Kupunguza volti

Njia isiyogharimu hata franga moja ni kupunguza volti za kadi. Viwanda huweka volti za ziada ili kila kadi ifanye kazi bila kusita, hata ile dhaifu. Kwa programu kama MSI Afterburner, mtumiaji anaweza kuzishusha polepole huku akijaribu mchezo kila mara. Matumizi ya umeme hufuata mraba wa volti: kutoka volti 1.05 hadi 0.95, kwa mwendo uleule, sehemu kubwa ya matumizi hayo hupungua kwa takriban asilimia 18. Kompyuta ikizima au picha zikiharibika, mtu arudishe hatua moja nyuma.

Kwa anayecheza kwa jenereta au betri za jua wakati umeme wa SNEL umekatika, wati hizo ni mafuta na saa zilizookolewa.

Kadi za mitumba, na kasoro za kiwanda

Mnamo Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia katika soko la mitumba duniani. Kadi ya aina hiyo inaweza kuwa nzima, lakini mnunuzi aombe kuiona ikifanya kazi kwa nusu saa kabla ya kulipa, na ajiandae kubadilisha pasta.

Wakati mwingine usafi hausaidii. Kadi ya RX 7900 XTX ya kampuni ya AMD ilitoka Desemba 2022, na baadhi ya wanunuzi wakaona sehemu yake ya moto zaidi ikifika nyuzi 110. Mtaalamu wa Ujerumani Roman Hartung, anayejulikana kwa jina la der8auer, alionyesha kwamba joto lilibadilika kulingana na jinsi kadi ilivyolazwa. Januari 2023 AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zilikuwa na maji pungufu katika chumba cha mvuke kinachozipoza.

Katika hali kama hiyo, mwenye dhamana asiifungue kadi. Vipimo alivyoandika, vyenye tarehe na nyuzi joto, ndivyo vitakavyomsaidia kudai haki yake kwa muuzaji.