Sura ya Tatu: Kabla Mteja Hajauliza

Mwaka 2014, wenye biashara ndogo 1,500 wa Lomé, mji mkuu wa Togo, waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Walikuwa watu wa aina tunayokutana nayo kila siku Kariakoo au Gikomba: mtu na cherehani zake mbili, mtu na kibanda chake, wengi hawajasajiliwa popote kama kampuni. Fungu la kwanza, watu 500, waliachwa waendelee na shughuli zao. La pili lilipelekwa kwenye mafunzo ya biashara tuliyoyazoea: kutunza hesabu, kutafuta soko, kusimamia wafanyakazi, faida za kurasimisha biashara. La tatu likafundishwa kitu ambacho mwanasaikolojia wa Kijerumani, Michael Frese, alikuwa amekichunguza kwa miongo miwili: kuanza jambo bila kusukumwa, kuitazama kesho ungali na leo, na kutokata tamaa jambo likigoma.

Watafiti, wengi wao wakiwa wa Benki ya Dunia, waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2017. Ikilinganishwa na wale ambao hawakufundishwa chochote, faida ya waliosomea hesabu na masoko ilizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho wanatakwimu hawawezi kuapa kwamba hakikutokana na bahati tu. Ya fungu la tatu ilizidi kwa asilimia 30. Kwa wanawake pengo lilikuwa pana zaidi: asilimia 40 kwa waliofundishwa kujituma, asilimia 5 kwa waliofundishwa hesabu. Mafunzo yaligharimu dola 750 hivi kwa kila biashara, na faida iliyoongezeka ilizirudisha fedha hizo ndani ya mwaka mmoja.

Usichukue takwimu hizi ukaenda kuchoma daftari lako la mauzo. Asiyejua ametumia nini na ameingiza nini hawezi hata kusema kama amepata faida. Ila daftari hukuonyesha yaliyokwisha kutokea. Kuamua nini kitokee wiki ijayo ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo sura hii inaishughulikia.

Frese hakuanzia Afrika. Baada ya Ukuta wa Berlin kubomolewa mwaka 1989 na Ujerumani mbili kuungana mwaka uliofuata, yeye na wenzake waliwalinganisha wafanyakazi wa mashariki na wa magharibi. Wa mashariki walionekana kuanzisha mambo machache zaidi kwa hiari yao. Maelezo mepesi yangekuwa kwamba walikuwa wavivu, au kwamba ndivyo walivyoumbwa. Frese aliona sababu nyingine: kwa miongo mingi walifanya kazi ambazo maamuzi yake yalitoka juu, na mtu asiyeachiwa nafasi ya kuamua huacha kutafuta la kuamua. Kama kazi inaweza kumzoesha mtu kungoja, basi mazoezi ya namna nyingine yanaweza kumzoesha kuanza. Jaribio la mapema la mafunzo hayo kwa wenye biashara ndogo barani Afrika lilifanyika karibu na kwetu, Kampala, miaka kadhaa kabla ya Lomé, na huko nako waliofundishwa waliwapita wenzao.

Hili lina uzito kwa yeyote aliyelelewa kuambiwa kwamba fulani ana mkono wa biashara na fulani hana. Semina nyingi za ujasiriamali mijini kwetu zimejengwa juu ya imani hiyohiyo. Mzungumzaji anapanda jukwaani, anasimulia alivyotoka kulala kwenye maboksi hadi kumiliki magorofa, watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wakiwa na ari ya siku tatu. Lomé hapakuwa na hadithi za magorofa. Palikuwa na madarasa ya nusu siku, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne, kisha mkufunzi akamtembelea kila mtu dukani kwake mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne, kuona ameufikisha wapi mpango alioandika mwenyewe. Mazoezi yote yalifanywa juu ya biashara ya mwanafunzi, juu ya cherehani ile na kibanda kile.

Mfano uliosimuliwa sana kutoka fungu la tatu ni wa mama aliyekuwa akikodisha magauni ya harusi. Baada ya mafunzo aliongeza vitu vinavyoandamana na gauni, vitambaa vya kichwani na glavu. Ukiusikia unasema: ni hilo tu? Ndiyo, ni hilo tu. Bibi harusi alikuwa akitoka kwake na gauni, kisha anakwenda kutafuta glavu kwa mtu mwingine, na fedha zake anaziacha huko. Wateja wengi hawakuambii unachokosa; wanaondoka tu.

Kuna utafiti mwingine, wa magharibi mwa Kenya, ambao ningependa kila mwenye duka la rejareja aujue, kwa sababu unahusu kitu kidogo mno kiasi kwamba tunaona aibu kukiita tatizo la biashara. Unahusu chenji. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, katika makala waliyoichapisha mwaka 2014, walieleza jinsi biashara ndogo zilivyopoteza mauzo kwa sababu muuzaji hakuwa na chenji mteja alipotoa noti kubwa. Tunaijua sana picha hiyo. Mteja anataka sabuni ya kipande na kiberiti, ametoa noti, muuzaji anapekua droo, anamwomba asubiri, anakimbilia duka la jirani, nako hakuna. Mteja anachukua noti yake na kuondoka. Walipopiga hesabu, faida iliyopotea hivyo ilifikia kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote.

Suluhisho halihitaji mkopo wala mtaji mpya. Ni kubadilisha noti chache asubuhi au jana yake jioni. Kwa nini basi hawakufanya? Watafiti walipita kwa baadhi ya wafanyabiashara kila wiki na kuwauliza tu: wiki hii umepoteza mauzo mangapi kwa kukosa chenji? Wengine waliwapa hesabu ya jumla ya walichokuwa wakikipoteza. Makundi yote mawili yakaanza kuweka chenji zaidi. Swali lenyewe likawa dawa. Hasara ilikuwa mbele ya macho yao siku zote, lakini ilikuja vipande vipande, leo mia moja, kesho hamsini, na hakuna kipande kilichokuwa kikubwa kiasi cha kumkosesha mtu usingizi.

Siku hizi lipa namba na M-Pesa zimepunguza tatizo la chenji, na mtu anaweza kudhani somo limepitwa na wakati. Mianya ya hasara ya aina hiyo haijaisha, imehama. Wakala anaishiwa pesa taslimu saa kumi na moja jioni, saa ambayo watu wanatoka kazini na wanataka kutoa fedha. Mama lishe anaishiwa gesi saa saba mchana, wakati foleni ndiyo kwanza inakolea. Fundi simu anamrudisha mteja kwa kukosa kioo cha simu inayotumiwa na nusu ya mtaa. Kila mmoja atakuambia, kwa unyofu kabisa, kwamba siku hiyo ilikuwa bahati mbaya. Muulize ni mara ngapi bahati hiyo mbaya imemtokea mwezi huu, halafu umwone anavyoanza kuhesabu kwa vidole.

Ndiyo maana sipendi kuielezea akili ya ujasiriamali kama ujasiri, wala ndoto kubwa. Kwa mwenye biashara ndogo ni tabia ya kuyaona mauzo ambayo hayakutokea. Yaliyotokea yamo kwenye daftari. Ambayo hayakutokea hayana risiti, wala mteja aliyeondoka hasaini popote. Mtu anayeanza kuyatafuta hujikuta anauliza maswali mengine ambayo jirani yake haulizi. Kwa nini wanafunzi wanapita hapa asubuhi na hawasimami? Kwa nini mteja wa chapati hanunui chai? Yule aliyekuja mara mbili akauliza kama nina viatu vya shule, kwa nini nilimjibu hakuna na nikanyamaza?

Hapa niseme neno kuhusu kuigana. Akifungua mmoja banda la chipsi likachangamka, baada ya miezi michache yatakuwa manne katika mita hamsini, yenye mafuta yaleyale, kachumbari ileile na bei ileile. Wa nne si mjinga: ameona ushahidi kwamba chipsi zinanunulika, na hilo ni zaidi ya wanachokijua wengi wanaoanza na wazo lao wenyewe. Kosa lake ni kuishia hapo. Katika kundi la tatu la Lomé watu waliingiza bidhaa mpya zaidi kuliko wenzao, lakini nyingi hazikuwa ugunduzi wa kutikisa dunia. Zilikuwa tofauti ndogo ambazo jirani hakuwa nazo, na tofauti ndogo inatosha kumfanya mteja avuke barabara.

Kujaribu kuna gharama, na ni lazima gharama hiyo ikadiriwe kabla. Saras Sarasvathy, msomi mzaliwa wa India anayefundisha Marekani, aliwachunguza wajasiriamali 27 waliobobea na kuona kwamba wengi hawakuanza kwa kupiga hesabu ya faida kubwa wanayoweza kuipata. Walianza na walichokuwa nacho mkononi na watu waliowajua, wakajiuliza: nikipoteza, naweza kupoteza kiasi gani nikaendelea kuishi? Swali hilo linamfaa muuza mitumba kuliko linavyomfaa tajiri. Mtumishi wa ofisini akikosea, mshahara utaingia mwisho wa mwezi. Muuza mitumba akikosea, ada ya mtoto imeondoka. Kwa hiyo jaribu viatu vya shule jozi sita kabla ya kununua robota zima. Na usijaribu wazo jipya kwa mkopo wa kausha damu. Marejesho yake ya kila siku yanaanza kudai kabla wazo halijapata nafasi ya kuonyesha kama linafaa, na ukishaanza kulipia marejesho kwa mtaji, umeacha kujaribu, unakimbia tu.

Nisingependa pia msomaji aondoke akidhani kila kitu kimo kichwani. Wapo wengi waliofungua genge kwa sababu hawakupata ajira, na kesho wakiitwa kazini watalifunga bila majonzi. Hilo si ugonjwa wa fikra wa kutibiwa kwa semina. Wapo wanawake ambao faida ya wiki huishia kwenye dharura za ukoo kabla haijageuka mtaji, na hakuna zoezi la darasani litakalomfanya shemeji aache kuomba. Hata mafunzo ya kujituma yenyewe hayafanyi kazi sawa kila mahali. Yalipojaribiwa Jamaika kwa wajasiriamali 945, waliofundishwa walionekana kufaidika miezi michache baadaye, kisha tofauti ikafifia hata ikawa vigumu kuiona mwaka ulipotimia.

Kwa nini ififie? Sitajifanya nina jibu la Jamaika. Ila tunalo jambo la kujifunza kutoka Dandora, mashariki mwa Nairobi. Watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo huko. Baadhi wakawapeleka darasani, baadhi wakawaunganisha na wanawake wenye uzoefu waliokwisha kufanikiwa kwa biashara humohumo mtaani, wawe wanakutana na kuzungumza. Waliokaa darasani walibadilisha baadhi ya taratibu zao, faida haikusogea. Waliounganishwa na dada zao wakubwa wa biashara walipata faida zaidi kwa wastani wa asilimia 20. Kilichobadilika hasa kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: walijua wapi pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Mwenye uzoefu alimwambia mgeni usinunue kwa fulani, nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma mimi. Na pale mazungumzo yalipokoma, faida ile nayo ilipungua.

Ukiliweka hilo kando ya zile ziara za kila mwezi Lomé na lile swali la kila wiki kuhusu chenji, utaona kwamba kila mahali palikuwa na mtu aliyerudi kuuliza. Akili ya kuona mbele ni ngumu kuishika peke yako, saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha na mwenye nyumba amekwisha piga simu mara mbili. Vikundi tunavyo tele: VICOBA, chama, mchezo wa kila Jumamosi. Vingi vikikutana huhesabu hisa, hukusanya marejesho, hutoza faini ya kuchelewa, kisha watu hutawanyika. Nusu saa kabla sanduku halijafunguliwa ingetosha kwa kila mwanakikundi kujibu maswali mawili: wiki hii nimepoteza mauzo gani, na nilipanga kujaribu nini nikakifikisha wapi.

Swali la wapi pa kununua halitajibiwa kwa urahisi humo kama nusu ya kikundi wanauza nyanya katika soko moja, na hakuna haja ya kumlaumu mtu kwa kuficha anakochukua mzigo. Kwa hilo tafuta anayefanya biashara kama yako katika soko jingine, mbali kiasi kwamba hamgombanii wateja, aliyekutangulia miaka kadhaa. Mpelekee habari moja ya upande wako, ya bei au ya msimu, na uende siku ambayo soko lake limepoa, kwa kawaida katikati ya wiki baada ya saa nane, ili awe na muda wa kukaa.