Mtoto Amezaliwa: Je, Gari Nalo Likue?

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko bara, mimba ikishapita mwezi wa saba huzuka mazungumzo mawili yasiyokwisha. La kwanza ni la jina, na hilo mabibi wa pande zote mbili hulimaliza wenyewe. La pili ni la gari. Mume huanza kulitazama gari lake dogo kwa jicho jingine. Wenzake wa kazini humwambia kuwa mtu mwenye familia hatembei na Vitz, na kabla mtoto hajakamilishiwa nguo, baba mtarajiwa amekwisha zunguka yadi mbili tatu akiulizia bei ya Noah.

Swali hili twaletewa zaidi na wasomaji wetu walioko Kitale na Bungoma, wengi wao wakiwa mabinti wa Mombasa, Malindi na Lamu waliowafuata waume zao makazini. Watu wa pwani si wageni katika nchi hiyo. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilikuwa ikifika Mumias, kusini mwa Bungoma, tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, alisilimu yeye mwenyewe. Lakini ugeni wa mzazi ni ugeni wa aina yake. Binti aliyezoea kusikia kuwa uzazi wa kwanza huwa kwa mama yake, akandwe, apikiwe uji na alelewe hadi arobaini, hujikuta yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa huyo mama. Kwake yeye gari si fahari. Ni mlango wa kurudi kwao. Ndiyo maana hatupendi kulijibu swali hili kwa mzaha, ingawa jibu letu kwa mtoto wa kwanza, na hata wa pili, ni kwamba gari kubwa halihitajiki.

Tuanze na mizigo, maana ndiyo hoja ya kwanza ya kila mume. Mtoto mchanga ana uzito wa kilo tatu hivi. Vitu vyake vya lazima kwa safari ya siku moja ni mfuko mmoja wa nguo na nepi, chupa ya maji na blanketi zito, kwani Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya jioni haina huruma kwa mtoto wala kwa mama aliyezoea joto la Kisauni. Kinachojaza buti ni kile kigari cha kumsukumia mtoto, ambacho huletwa kama zawadi na watu wenye nia njema. Tunauliza: kitasukumwa wapi? Mvua za Kitale zikishika, njia ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani huwa tope, na Bungoma nako udongo ukilowa hunata kwenye magurudumu kama unga uliokandwa. Akina mama wa huko walikwisha lijua hilo zamani. Wao humfunga mtoto mgongoni kwa leso na kwenda zao. Mbeleko haihitaji buti.

Kisha tuhesabu safari zenyewe. Katika siku arobaini za mwanzo mzazi hatoki ila kwa dharura au kwa kwenda kuangaliwa hospitalini. Chanjo ya kifua kikuu hutolewa mtoto anapozaliwa. Inayofuata ni ya wiki ya sita, yaani siku ya 42, arobaini ikiwa imekwisha juzi tu. Baada ya hapo ni wiki ya kumi, wiki ya 14, kisha chanjo ya surua mtoto akitimiza miezi tisa na tena miezi 18. Sehemu za Bungoma zina chanjo ya malaria pia, iliyoanza kutolewa magharibi ya Kenya mwaka 2019. Ongeza siku za kumpima mtoto uzito kliniki, na ziara za kuwaona jamaa walioko Webuye au Kimilili. Safari zote hizi ni za watu watatu, mama, baba na mtoto, au wanne bibi akiwapo. Gari la watu watano linazichukua na nafasi ikabaki.

Wakubwa wetu watakumbuka kuwa njia za bara zilikuwa na gari lake la familia kabla ya Noah: Peugeot 504 yenye safu tatu za viti, iliyofanya kazi ya teksi za masafa marefu na kubeba harusi na misiba kwa pamoja. Leo katika barabara ya Kitale, Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye, na katika vijia vinavyoingia mashambani, kazi hiyo imechukuliwa na Probox. Hili ni gari la watu watano, nalo si ajabu kuliona limebeba kumi: wanne mbele pamoja na dereva, wengine wamepakatana nyuma, na wawili ndani ya buti wakiwa na gunia la mahindi. Hatulisifu jambo hilo hata kidogo. Tunalitaja kwa sababu linafunza kitu. Watu kumi wamo ndani ya Probox kwa sababu hakuna anayeuliza kama kila mwili umefungwa mkanda wake. Mahali pa kukaa papo tele. Pa kushikiliwa ndipo hapapo.

Na hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie, kwani jambo hili ni la uhai.

Mara nyingi tumeona mama ameketi kiti cha mbele, mtoto mchanga yuko kifuani, mkanda umewazunguka wote wawili. Mama anaamini kuwa mikono yake ndiyo mahali salama kuliko pote, na katika kila jambo jingine la dunia hii angekuwa na haki kuamini hivyo. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo nane huvutwa mbele kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mikono inayouzuia mzigo huo. Mkanda uliowazunguka wote wawili humfanya mtoto kuwa mto baina ya chuma na mwili wa mama yake. Na mbele ya kiti hicho, katika magari mengi yatokayo Japani, upo mfuko wa hewa unaofumuka kwa kishindo. Mfuko huo ulitengenezwa kumwokoa mtu mzima, na waweza kumuua mtoto mchanga.

Dawa yake ni kiti cha mtoto, nacho hukaa nyuma. Kwa mtoto mchanga kiti hicho huelekezwa kinyumenyume, uso wa mtoto ukitazama mgongo wa gari, kwa sababu shingo yake bado haiwezi kukihimili kichwa kikivutwa mbele kwa nguvu. Aendelee hivyo hadi apite mwaka mmoja, na zaidi kama kiti kinamtosha. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kikifungwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Hakuna gari kubwa, liwe la bei gani, linaloweza kumfanyia kazi hiyo mtoto aliyepakatwa.

Wapo watakaosema kiti kama hicho hakiingii katika gari dogo. Wajapani wenyewe wanatoa ushahidi tofauti. Tangu Aprili 2000 sheria ya nchi yao inamtaka kila mtoto aliye chini ya miaka sita akae katika kiti chake, na hao ndio watu wanaoendesha Vitz, Passo, na vile vigari vidogo zaidi ambavyo injini yake hairuhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 660. Magari tunayoyapokea bandarini Mombasa, mengi yalikwisha bebea watoto wao. Shida ya kweli ni ndogo: kiti kilichogeuzwa kinyumenyume husukuma kiti cha mbele. Basi kifungwe nyuma ya abiria, si nyuma ya dereva mwenye miguu mirefu, na mama aketi nyuma kando ya mtoto. Mume atasema anaonekana kama dereva wa teksi. Avumilie.

Tahadhari moja kuhusu viti vya mitumba. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali huenda kimepasuka ndani pasipoonekana, na plastiki huchakaa kwa jua na miaka. Kiti ambacho historia yake haijulikani, ambacho mikanda yake imekatika uzi au kibandiko cha tarehe yake kimebanduliwa, kiachwe hapo hapo sokoni. Tena hata kiti kizuri si kitanda: katika safari ndefu mtoto atolewe, anyooshwe na kunyonyeshwa kila baada ya saa mbili, na apumzishwe mapema zaidi akiwa bado mchanga sana. Kitale hadi Bungoma ni njia isiyofika kilomita 100, kwa hivyo kituo kimoja cha kunyonyesha chatosha.

Sasa pesa. Injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500 hutozwa ushuru mkubwa zaidi inapoingia Kenya, na Noah, yenye injini ya 2,000, imo katika kundi hilo. Likishanunuliwa, gari hilo hula mafuta zaidi, matairi yake ni makubwa zaidi, na bima kamili hupanda pamoja na bei ya gari. Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za mafuta zikitangazwa, mwenye Noah ndiye husikiliza redio kwa makini zaidi. Wengi hawana fedha taslimu, hivyo hukopa. Familia zinazojiepusha na riba zina njia ya murabaha katika benki za Kiislamu, ambazo zilianza kazi Kenya mwaka 2008: benki hulinunua gari na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo. Njia hiyo ni halali, lakini tunawakumbusha vijana kuwa murabaha huondoa riba, haiondoi deni. Mkopo wa miaka minne uliosainiwa wiki moja kabla ya uzazi hulipwa kutoka mfuko ule ule unaolipa mkunga, msaidizi wa nyumbani, mbuzi wa akika, na nauli ya mama mzaa chema kutoka Mombasa.

Tumelisikia hili kwa zaidi ya mke mmoja, kwa maneno yanayofanana. Gari jipya lilikuja; mama yake hakuweza kuja, kwa kuwa nauli na matumizi ya kumpokea yalikuwa yamekwenda na malipo ya kwanza. Mzazi akamaliza arobaini yake peke yake, na gari la watu wanane limesimama uani. Hatujui mume aliyeyatenda haya kwa ubaya. Alidhani analipa deni la ubaba. Lakini laiti angemuuliza mkewe, "Mama watoto, katika fedha hizi wataka nini kwanza?" jibu lisingekuwa viti vinane.

Kama fedha ipo kidogo, tungeipa kazi nyingine katika gari lile lile dogo. Matairi yenye kipara yabadilishwe kabla ya mvua, kwani utelezi wa njia za mashambani haujali ukubwa wa gari. Breki zikaguliwe na fundi anayeaminika. Betri iwe nzima na tangi lisishuke chini ya nusu katika mwezi wa tisa wa mimba. Daktari wa Kitale akiamua usiku wa manane kuwa mgonjwa apelekwe hospitali kuu ya rufaa ya Moi, Eldoret, hizo ni kilomita 70 hivi, na kinachotakiwa saa hiyo ni gari linalowaka kwa ufunguo wa kwanza. Anayekaa ndani kabisa, penye njia mbovu, ana sababu ya kutaka gari lililoinuka kutoka ardhini. Hiyo ni hoja ya kimo, nayo ni tofauti na hoja ya viti.

Na safari ya Mombasa kwa ajili ya Idi? Hiyo ni mara moja, labda mbili kwa mwaka. Gari la siku 350 halinunuliwi kwa hesabu ya siku 15. Wapo wanaokwenda kwa barabara hadi Nairobi, wakapumzika kwa jamaa, kisha wakapanda treni ya SGR inayofanya safari hiyo tangu mwaka 2017, ambamo mama aweza kusimama, kutembea na kumbadilisha mtoto nepi. Wengine hukodi gari kubwa kwa wiki moja, familia mbili zikachangia.

Siku ya gari kubwa itafika, nayo hujulikana kwa alama zake: mtoto wa tatu amezaliwa na wa kwanza bado yuko katika kiti chake, viti vitatu havipangiki nyuma ya Vitz, na bibi amekuja kukaa. Hapo Sienta, ambayo hubeba watu saba kwa injini ya 1,500, itazamwe kabla ya Noah, na Wish baada yake. Mnunuzi ainue safu ya tatu mwenyewe, ahakikishe kila kiti kina mkanda unaofunga, na aone buti lililobaki, maana safu hiyo ikiwa juu hubaki nafasi ya mifuko michache tu. Aje na viti vya watoto avifunge hapo hapo yadini, muuzaji akinuna anune. Na bibi aingie na kutoka safu ya kati mara mbili, akiwa na baibui lake na mkoba wake, kabla ya fedha kuhesabiwa.